Kabla Hujapanda Kwodi Kwenda Milima ya Samburu

Wanaoanguka kwanza kwenye kwodi ni vijana wa bodaboda. Nasema kwa mapenzi, maana wengi wao ni wadogo zangu wa Kisauni na Bamburi, na wana macho ya barabarani na ujasiri ambao mtu wa ofisini hana. Ila pikipiki ya magurudumu manne ina tabia zake. Mwenye boda akihisi chombo kinayumba, mguu wake hushuka chini bila kuamriwa. Kwenye kwodi, mguu ukigusa chini gurudumu la nyuma linakuja kuupanda. Akiingia kona, mwenye boda huilaza pikipiki wakazunguka pamoja. Kwodi hailali. Unaotakiwa kulala ni mwili wako, na usipoulaza utarushwa upande wa nje wa kona.

Mimi ni fundi wa kwodi hapa Mombasa, na kiangazi kikiingia hufuatana na misafara inayopanda kaskazini hadi nchi ya Wasamburu. Kazi yangu kule ni kufunga msafara: mwongozaji mbele, wageni katikati, mimi nyuma na spana, kamba za kuzibia pancha na maji. Ukiwa nyuma unaona mengi. Unaona nani amekaa kitini kama gunia la mkaa na nani anaendesha kwa mabega na magoti. Ninalowaambia wote wanaonipigia simu wakitaka kwenda ni hili: milima ya kaskazini si mahali pa kujifunzia kuendesha. Jifunze huku nyumbani, kwenye mchanga wetu na vilima vyetu, ili ukifika kule akili yako iwe huru kutazama njia, wanyama na watu.

Nchi yenyewe

Kutoka Mombasa wengi hupanda Madaraka Express hadi Nairobi, wakalala, na alfajiri wakashika barabara ya Nanyuki na Isiolo. Isiolo ndio mji wa mwisho wa kununua kila kitu kwa raha: mafuta, betri, dawa, na nyama ya halali bila kuuliza mara mbili, kwa kuwa Waislamu ni wengi pale. Ukitoka hapo, kama kilomita 35, uko Archers Post kwenye mto Ewaso Ng'iro. Mbele kidogo Ololokwe unasimama peke yake, jabali lenye kichwa bapa, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Lami inaendelea hadi Marsabit na Moyale. Sisi tunaiacha, tunakata kushoto njia ya vumbi ya Wamba, mpaka chini ya safu ya Mathews. Kwodi zenyewe hubebwa na lori hadi hapo. Hazikutengenezwa kwa lami. Tairi zake laini huing'ang'ania barabara na kwenye mwendo wa kasi usukani unakuwa mzito wa kutisha.

Watu wa pwani hushangazwa na mambo mawili kule. La kwanza ni baridi. Mchana bondeni jua linachoma na vumbi linaingia hadi kwenye meno, lakini mlima una hali yake. Kilele cha Warges kinakaribia mita 2,700, na huko juu kuna msitu wa mitarakwa wenye ukungu wa asubuhi. Ukilala kwenye miinuko, leso na kikoi havitoshi. Chukua sweta zito, soksi za sufu na kofia ya kulalia.

La pili ni injini. Hewa huwa nyepesi kadiri unavyopanda, na injini hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Mashine iliyokuwa ikikimbia kwa furaha Mtwapa inapofika mita 2,000 imepungukiwa karibu moja kwa tano, na hapo ndipo milima inapoanza kuwa mikali. Zile za kabureta huteseka zaidi: petroli inakuwa nyingi kuliko hewa, inatoa moshi mweusi, inakohoa. Zenye mfumo wa kompyuta wa kurusha mafuta hujirekebisha zenyewe. Kwa hiyo ukiulizwa unataka mashine ipi, usitazame rangi. Uliza kama ni ya kabureta, na kama ni ya kabureta uliza kama fundi ameiwekea jeti, ile pua ndogo ya kupitishia petroli, ya mwinuko ule.

Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, na Januari na Februari. Aprili, Mei na Novemba usijaribu. Mvua ikinyesha kule njia hugeuka mito, na nitalirudia jambo hilo chini kwa kirefu kwa sababu linaua.

Kumchagua mwongozaji

Bei isiwe swali la kwanza. La kwanza liwe: nani atakuwa nyuma? Msafara wenye mwongozaji mbele tu ni nusu ya msafara, maana mtu akianguka kwenye vumbi la mwisho hakuna anayemwona. Kwa maoni yangu wageni sita kwa mwongozaji mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma ndio kikomo. Wakizidi hapo, wagawanywe.

Uliza pia mtapita ardhi ya nani. Sehemu kubwa ya nchi ile ni ya jamii zenyewe, na nyingine ziko chini ya hifadhi za jamii kama Namunyak, iliyoanza 1995. Mwongozaji mzuri ana idhini ya hifadhi na ya wazee, na ana Msamburu wa eneo lile kwenye msafara, mtu anayejua malisho yamehamia wapi mwezi huu na njia ipi ina shida. Wizi wa mifugo bado unatokea kaskazini, na anayejua usalama wa wiki hii ni mkaazi wa pale. Ukimuuliza mwongozaji kuhusu usalama akacheka na kusema "hakuna wasiwasi", tafuta mwingine. Anayefaa atakwambia amezungumza na chifu gani na askari wa hifadhi wako wapi.

Akikuahidi kwamba atakukimbiza kwodi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Samburu ukiwafukuza twiga, kata simu. Ndani ya hifadhi za wanyama hakuna kutoka nje ya njia, na kelele ya kwodi haina nafasi hapo. Kuwaona wanyama kwa utulivu, panga siku nyingine na gari.

Mengine nitayataja kwa haraka. Awe na beji ya chama cha waongozaji wa Kenya, KPSGA, ya shaba, fedha au dhahabu. Si sharti la kuendesha kwodi, lakini inakuonyesha kwamba amekaa kwenye mtihani wa wanyama na huduma ya kwanza. Awe na simu ya setilaiti, kwa sababu mtandao wa kawaida hupotea mabondeni. Na wewe mwenyewe ukate bima ya kubebwa kwa ndege. AMREF Flying Doctors wanaruka kutoka Wilson, Nairobi, na wana mpango wa kulipia mapema. Mfupa ukivunjika nyuma ya Mathews, saa za barabarani hadi hospitali ya Isiolo ni nyingi na kila jiwe utalihisi.

Watoto: aliye chini ya miaka 16 asipewe mashine ya mtu mzima. Watengenezaji wenyewe wameandika hivyo kwenye kibandiko juu ya mashine, na wazazi wengi hawakisomi. Wala usimpakie mtu kwenye kwodi ya kiti kimoja. Kile kiti ni kirefu ili wewe usogee mbele na nyuma. Ukikijaza mtu, umejinyima nafasi ya kusogea, na kusogea ndiko kuendesha.

Mazoezi ya hapa nyumbani

Usianzie ufuoni. Najua inavutia, mawimbi upande mmoja na minazi upande mwingine, lakini kasa hutaga mayai kwenye mchanga juu ya mstari wa maji kujaa, na tairi moja inatosha kuvunja kiota kizima. Tafuta mchanga wa ndani. Nyuma ya Kikambala na kuelekea Vipingo kuna njia za mashambani zenye mchanga mzito. Omba ruhusa kwa mwenye shamba. Vilima vya kujaribia viko Rabai na Mazeras, ambako ardhi inapanda ghafla na kuna mawe, na ukielekea Kwale unapata miteremko mirefu ya udongo mwekundu.

Siku ya kwanza sitaki mtu apande kilima chochote. Nataka azunguke duara, polepole, mpaka mwili ujue kulala. Kwodi nyingi ndogo zina ekseli moja nzima nyuma isiyo na difu, yaani magurudumu yote mawili ya nyuma huzunguka sawasawa hata kwenye kona. Ndiyo sababu ukikata usukani bila kuhamisha uzito, mashine inaendelea kwenda mbele inapotaka. Dawa yake: sogeza makalio upande wa ndani wa kona, kanyaga kwa nguvu kikanyagio cha nje, inamisha bega la ndani, kisha kata. Gurudumu la ndani la nyuma linapata wepesi, linateleza kidogo, na kwodi inazunguka.

Kijana mmoja wa boda aliniambia, "Shangazi, mimi nimeendesha pikipiki tangu darasa la saba." Nikamwambia, "Ndiyo maana naanza nawe, baba. Weka miguu juu ya vikanyagio na usiiondoe mpaka nizime injini mimi." Alizunguka asubuhi nzima, na kufikia adhuhuri alikuwa anazunguka kwa umbo la nane bila kufikiri. Sasa ni katika watu ninaowaamini zaidi milimani. Ujuzi wa boda ukishasahihishwa miguu, ni hazina.

Kidole gumba nacho kina somo lake. Kwenye kwodi mafuta hayavutwi kwa kiganja kama boda. Yanabonyezwa kwa gumba la kulia. Njia ikiwa na mashimo, mkono unaruka na gumba linabonyeza bila kukusudia, mashine inaruka mbele, nawe unazidi kushikilia na kubonyeza. Jifunze kushika usukani kwa vidole vinne na kuliacha gumba legevu. Misuli ile huchoka. Siku nzima ya milima itakuonyesha. Nawashauri watu wafinye mpira mdogo nyumbani kila jioni wiki kadhaa kabla ya safari.

Halafu upepo wa tairi. Hili hata mafundi wa boda hulikosea. Gari dogo hujazwa paundi 30 au zaidi. Tairi ya kwodi inataka paundi 4 hadi 7, kutegemea mashine na mzigo, na kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko. Kipimo cha kituo cha petroli hakisomi vizuri chini kiasi hicho, kwa hiyo nunua kipimo kidogo cha presha ya chini na ukitembee nacho. Tairi iliyojazwa sana inadunda juu ya mawe na kukupindua. Iliyolegea sana inaachana na rimu kwenye kona. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa sababu joto la mchana litaongeza.

Ukimaliza duara na mchanga, nenda Mazeras. Sehemu inayofuata uifanyie huko, mara nyingi, kabla hujakata tiketi ya treni.

Mlima: kupanda, kukwama, kushuka

Kabla ya kupanda, simama chini utazame. Unaona kilele? Kama huoni upande wa pili, hujui kama kuna njia, korongo au ng'ombe. Mwongozaji hupanda kwanza, akafika, akainua mkono. Hapo ndipo mmoja, mmoja tu, anapanda. Mbili kwenye mlima mmoja ni hatari, maana ya juu ikirudi inamwangukia wa chini.

Weka gia ya chini, ile yenye herufi L. Ingia mlimani ukiwa tayari na mwendo wa kutosha, mwendo wa kutulia, si wa kukimbia. Simama nusu, kifua mbele juu ya usukani, uzito wote juu ya magurudumu ya mbele. Ukikaa nyuma, magurudumu ya mbele yatakuwa mepesi, na hapo mashine iko njiani kukugeukia kifuani. Ukihisi mbele panainuka, punguza mafuta kidogo na uiname zaidi. Usifunge mafuta ghafla, wala usiongeze ghafla. Usijaribu kugeuza katikati ya mlima hata kama moyo umekukataza kuendelea. Kwodi ikikaa ubavu kwenye mwinuko mkali inabingirika, na wengi wanaokufa kwa kwodi hufa kwa kupinduliwa na kulaliwa.

Nguvu zikiisha katikati, fanya hivi. Ingali inaelekea juu, ishike kwa breki zote, mwili bado mbele, weka hendibreki, zima, na ushuke upande wa juu wa mlima, au wowote kama imeelekea juu moja kwa moja. Kama imeanza kurudi nyuma, usikanyage breki ya nyuma kwa hofu. Ya nyuma peke yake itaishikilia mkiani na mbele itakuja juu yako. Bana ya mbele taratibu, uzito mbele, mpaka isimame, ndipo ya nyuma na hendibreki. Ikishindikana na mashine imeanza kuinuka, iachie. Ruka upande wa juu, mbali nayo. Nimewaona watu wazima wakiing'ang'ania kwa sababu wanafikiria amana waliyoweka. Chuma hutengenezwa.

Ikishasimama, usiigeuze peke yako. Mpungie mkono anayefunga msafara aje. Tutaigeuza wawili, mmoja kwenye breki na mmoja kwenye usukani, tukisimama upande wa juu wakati wote.

Kushuka kunaogopwa kidogo kuliko kupanda, nami naona ingekuwa kinyume. Hapo uzito wako wote urudi nyuma, mikono imenyooka bila kukaza, macho mbali. Gia ya chini bado, na usiwahi kushuka ukiwa kwenye gia huru. Kwodi nyingi za kukodisha hazibadilishwi gia kwa mguu. Zina mkanda ndani unaopeleka nguvu za injini kwenye magurudumu. Kwa nyingi kati ya hizo, ukiachia mafuta kabisa mkanda unalegea na injini inaacha kukushikilia, ukajikuta unateremka bure. Weka mafuta kiduchu tu tangu juu ili injini ibaki imeuma, na utumie breki kwa kugusa na kuachia. Nyuma ikianza kuteleza kando, iache breki, nyoosha usukani kufuata mteremko, kisha gusa tena. Ukinusa harufu ya mpira ulioungua, ni mkanda huo. Mwambie mwongozaji msimame upoe. Mkanda ukikatika bondeni, kwodi itavutwa kwa kamba hadi kambini.

Kupita ubavuni mwa kilima, yaani njia inayokata mlima kwa upande, lalia upande wa juu. Magoti, bega, kila kitu juu. Ukihisi magurudumu ya juu yanapata wepesi, kata usukani kuelekea chini ya mlima, taratibu. Silika itakwambia ukate kuelekea juu. Silika hiyo ndiyo unayokwenda kuiondoa Rabai.

Laga

Huku kwetu mto ni mto. Kaskazini kuna laga: mto wa mchanga mkavu, mpana, wenye kivuli cha migunga kando, mahali pazuri kuliko pote pa kupumzikia. Na mchanga wake ni kama tulioufanyia mazoezi, kwa hiyo mtu wa pwani anajisikia nyumbani. Endesha kwa mwendo usiokatika, usukani mlegevu, usisimame katikati.

Lakini usiweke kambi humo, wala usile chakula cha mchana humo. Mvua inayonyesha mlimani mbali, ambayo hukuisikia wala kuiona, inakusanyika na kushuka kwa mara moja. Mbingu juu yako ni safi, jua linawaka, halafu maji ya udongo yanaingia na magogo mbele. Wasamburu wanajua kuusikia mngurumo kabla ya maji kufika. Mtu wenu wa kule akisema tokeni, mnatoka sasa hivi, sahani ziachwe. Na laga ikiwa imejaa, mnasubiri. Hushuka kwa saa kadhaa, wakati mwingine hadi kesho yake. Safari nzuri ina siku moja ya ziada kwa ajili hiyo, na mwongozaji aliyeipanga bila siku hiyo atashawishika kuvuka.

Maji kidogo yanayotiririka yanavukika. Mmoja apime kwa miguu na fimbo kwanza. Yakizidi kina cha vikanyagio, hapana. Tairi za kwodi zina hewa nyingi na huelea, na kikishaelea chombo hakina usukani. Ukitoka ng'ambo, endesha ukigusa breki kwa upole mpaka zikauke. Ewaso Ng'iro wenyewe una mamba. Huo tunauvuka kwa daraja.

Mavazi, ibada na tumbo

Akina dada wengi huniuliza kuhusu buibui. Nawaambia ukweli: kitambaa kinachoning'inia kitaingia kwenye ekseli au mnyororo, na kitakuvuta. Vaa suruali pana ya kitambaa kigumu, kanzu fupi au shati refu la mikono mirefu lililofungwa kiunoni, na juu yake koti. Kichwani, kilemba chembamba cha pamba kisicho na pini, chini ya helmeti. Pini ni hatari ukianguka. Umejisitiri na uko salama, na jua halikupati. Wanaume nao waache kikoi kambini.

Helmeti iwe yenye kidevu, iingie kwa kubana, isizunguke ukitikisa kichwa. Miwani ya kufunga kabisa, kwa sababu miiba ya migunga iko kimo cha uso. Glavu. Viatu vya kufunika kifundo; ndara na makubazi hayapandi mashine yangu. Shuka jembamba la kuziba pua na mdomo, ukililowesha kidogo vumbi linapungua sana.

Mwambie mwongozaji mapema kuhusu swala ili vituo vipangwe kwa adhuhuri na alasiri. Ni rahisi, kwa kuwa saa za jua kali msafara unafaa kupumzika kivulini vyovyote vile. Mwezi wa Ramadhani usiende. Kwodi siku nzima juani inakausha mwili, na mtu mwenye kiu hufanya maamuzi ya polepole. Panga maji lita 4 hadi 5 kwa mtu kwa siku, mbali na ya kupikia, na uweke chumvi na sukari kwenye chupa moja. Tende na kashata haziozi wala haziyeyuki. Chokoleti achana nayo.

Mifugo, ndovu na visima

Ukiona mbuzi au ng'ombe mbele, mwongozaji atainua mkono na nyote mtazima injini. Mtazima kweli, si kunguruma papo hapo. Kundi likitawanyika, mtoto aliyelichunga atatembea hadi usiku kulikusanya, na pale kuna fisi na chui. Subirini lipite. Salimia wazee kwa mkono, uvue helmeti na miwani kwanza. Mtu huzungumza na uso.

Visima vya Wasamburu vimechimbwa kwa kina ndani ya mchanga wa laga, na wachungaji hushuka humo wakipokezana ndoo huku wakiimba, kila ukoo kwa wimbo wake, na ng'ombe huujua wimbo wao. Kwodi ikae mbali kabisa, kusikosikika. Usipige picha. Ukikaribishwa kusikiliza, kaa chini, usikilize, na uondoke wanyama wasijue kwamba ulikuwepo.

Ndovu ni wengi kwenye safu ile. Msiwazunguke, msipite kati ya mama na mtoto, na kila mmoja awe na nafasi ya kugeuza. Hapa usitumie akili yako. Mtazame mwongozaji tu. Akisema rudi, unarudi.

Kila asubuhi

Kagua mashine mwenyewe hata kama fundi amekagua. Bonyeza mafuta na uachie: kibonyezo kirudi chenyewe kwa ghafla. Kikirudi kwa uvivu, kuna mchanga au kutu kwenye kebo, na mashine hiyo haitoki. Mashine zilizokaa pwani nazichunguza zaidi hapo, kwa sababu chumvi ya bahari hula kebo kwa ndani huku nje zinang'aa. Shika kila gurudumu ulitikise. Nati zikilegea utasikia. Jaribu breki ya mbele na ya nyuma, kila moja peke yake. Jaribu swichi nyekundu ya kuzima. Fungua chujio la hewa, kwa kuwa vumbi la siku moja nyuma ya kwodi nyingine linatosha kuliziba. Tazama tairi kama kuna miiba, na usiung'oe mwiba kabla hujawa na kamba ya kuzibia mkononi.

Piga picha za mashine pande zote siku unapokabidhiwa, pamoja na mikwaruzo ya zamani, mwenye mashine akiwepo. Hakikisha karatasi unayotia sahihi inataja amana na kiwango cha juu utakachodaiwa ikiharibika.

Kwa anayetaka kwenda Julai, aanze mazoezi Machi mchanga ukiwa mkavu, aendelee masika ya Mei vilima vya Rabai vikiwa na tope, maana tope hufundisha kuteleza kwa mwendo mdogo. Njoo asubuhi mapema kabla ya jua kupanda, na viatu vya kufunika kifundo. Helmeti ninazo.